Matundu ya Kaniki

Mnyoo wa kwanza ulitoka Jumapili asubuhi, Hafsa akiwa amechuchumaa kwenye poti lake nyuma ya jiko. Aliniita mara mbili, “Bibi, kuna kamba,” nami nikamjibu amalize aje anawe. Mara ya tatu aliita kwa sauti ya kulia. Nikaenda. Kweli kulikuwa na kamba. Ilikuwa nyeupe inayoelekea wekundu, nene karibu na penseli, ndefu kuliko shibiri yangu, na ilikuwa inajigeuza.

Nimezaa saba, nimelea wajukuu kumi na mmoja, na matumbo ya mbuzi nayaosha mwenyewe kila Idi. Sijawahi kurudi nyuma kwa uchafu. Siku hiyo nilirudi nyuma. Nilishika ukuta wa jiko nikatema mate pembeni. Na kilichonitia kinyaa zaidi si mnyoo wenyewe, ni kwamba ulikuwa umenona. Mtoto ana miaka mitatu, mikono imekonda kama vijiti vya mshikaki, tumbo limetangulia mbele kama ngoma, na mimi kila siku nampa ugali na maharage, nampa uji wa maziwa, namwambia kula mwanangu ukue. Kumbe nilikuwa namlisha huyo.

Niliuokota kwa vijiti viwili nikautupa chooni, nikamwaga majivu juu yake. Nikamwosha Hafsa, nikanawa mikono mara tatu kwa sabuni ya kufulia. Mchana Rukaya alipika tambi. Nilimwambia akazile nje.

Rukaya ni dada yake Hafsa, yuko kidato cha pili. Wote wawili ni watoto wa mwanangu Mustafa, dereva wa lori, ambaye kwa mwezi analala nyumbani siku mbili au tatu. Mama yao, Maryamu, anafanya kazi jikoni katika nyumba ya wageni mjini Korogwe na amepanga chumba hukohuko, mtaa wa Kilole. Kazi yake inaanza kabla jua halijatoka. Rukaya alikuja kwangu tangu darasa la tano, na Hafsa aliletwa mwaka jana alipoacha ziwa. Sisi tunakaa Chanika, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Korogwe, upande wa mwisho kabisa, ambako bomba linakohoa hewa siku nyingi kuliko siku linazotoa maji.

Jumatatu nikampeleka zahanati, Rukaya akiomba ruhusa shuleni aje nami. Bwana wa maabara alichukua kile tulichopeleka ndani ya kikopo, akapaka kidogo kwenye kioo, akaweka chini ya hadubini. Akaniita niangalie. Nilikataa kwanza. Halafu nikaangalia, maana kitu kikiwa tumboni kwa mjukuu wangu ni haki yangu kukijua sura. Niliona vidude vya mviringo, rangi ya kahawia, ganda lake lina vinundu vinundu kama stafeli.

“Hayo ni mayai,” akasema. “Mama mnyoo mmoja anataga maelfu kila siku. Yanatoka na choo, yanaingia kwenye udongo, kwenye maji, kwenye kucha, mtu anayala bila kujua.”

Nilificha kucha zangu ndani ya kanga. Rukaya yeye hakuonekana kuchukizwa, alikuwa na maswali. Akauliza yai moja lina ukubwa gani. Yule bwana akamwambia lina upana wa kama mikromita hamsini, na Rukaya akaandika kiganjani kwa kalamu: 50. Tukapewa dawa, tukaambiwa watu wote wa nyumbani wameze.

Hafsa alimeza siku hiyo hiyo. Kufikia Jumatano ilikuwa imetoka minyoo kumi na tisa. Nilihesabu kwa kuwa niliambiwa nihesabu. Mingine ilitoka imefungana pamoja kama uzi wa sufu uliochezewa na paka. Mimi na Rukaya dawa zetu tuliziweka kabatini. Nilijiambia mwenye minyoo ni mtoto, sisi watu wazima tunaijua miili yetu.

Jumamosi Maryamu, aliyekuwa amepata habari kwa simu, akaja. Alishuka kwenye gari la saa nne, akaingia uani na begi kubwa ambalo niliona mara moja kwamba ni tupu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa.”

Hakukaa. Alimchukua Hafsa, akamfunua gauni, akambonyeza tumbo kwa vidole. Rukaya alimletea mama yake chai ya moto. Maryamu akakitazama kile kikombe kama mtu anayetazama kikombe kilichoangukiwa na nzi.

“Nimetoka kunywa,” akasema. Kisha akafungua mkoba, akatoa chupa ya maji ya dukani, akanywa mbele yangu.

Afadhali angenitukana. Mkwe kukataa kikombe uani kwangu, na anayenitolea chupa ni yuleyule niliyemkalia nifasi, siku arobaini za uzazi, kwa wanawe wote wawili. Watu husema mimi ni mvumilivu, lakini siku nyingine ni kwamba natafuta neno na silipati.

“Mama, maji mnachota wapi?”

“Bomba likitoa, bombani. Lisipotoa, Mzee Semboja anatuletea ya lambo.”

“Lambo lile la ng’ombe?”

“Ng’ombe wanaingia upande wao.”

“Na maji nayo yana upande wao?”

Rukaya alicheka, halafu akainamisha kichwa.

“Nayachuja,” nikasema. Nikamwonyesha mtungi na kitambaa kilichofungwa mdomoni mwake.

Hapo sina budi kueleza. Siku niliyoingia nyumba hii kama bibi harusi, miaka arobaini na minane iliyopita, mama mkwe wangu alichana kipande cha kaniki yake, akakifunga kwenye mdomo wa mtungi, akaniambia kuanzia leo kinachonywewa humu ndani kipite hapa. Ndivyo tunavyofanya kwetu. Nami kila mke wa mwanangu nimempa kipande. Changu ni kilekile cha siku ile. Kimechakaa, weusi wake umekuwa kama wa chungu kikuukuu, lakini kila asubuhi nikikifungua nakuta juu yake matope, nyasi, miguu ya wadudu, mara nyingine viluwiluwi bado vinachezesha mikia. Navikung’uta kule. Chini yake maji yamekaa meupe. Kwa kuwa niliuona uchafu uliobaki juu, niliamini uchafu wote unabaki juu.

Maryamu alikishika pembe kwa vidole viwili, akakiachia.

“Kile ulichonipa mimi, mama, nafutia jiko.”

Nililimeza na hilo.

“Nimekuja kumchukua Hafsa,” akasema. “Kilole bomba linatoka kila siku.”

“Na wewe ukiwa kazini atakaa na nani?”

“Na binti wa jirani.”

“Yule wa simu?” Nilishamwona. Mtoto wa watu alikuwa anakula mchanga miguuni pake, yeye anaicheka simu.

“Mama, simu haina minyoo.”

Hafsa alikuwa ameshika nguo yangu. Alikuwa amekwisha kuzoea kulala ameshika sikio langu, na nikimtoa mkono anaurudisha bila kuamka. Nilijua akiingia chumba kile cha Kilole atakuwa mtoto wa kufungiwa mlango. Nilijua pia kwamba akitoka hapa kwa sababu ya maji yangu, hatarudi, maana hakuna mama anayerudisha mtoto mahali alipopatia minyoo.

“Minyoo ameitoa kwenye mchanga,” nikasema. “Au kwenye kucha. Hata bwana wa maabara alisema kucha. Kwenye maji yangu haipiti. Tangu lini yai likapita kwenye nguo?”

“Hilo si la kubishana,” Rukaya akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake. “Linapimika. Tuna upana wa yai. Nikipata upana wa tundu la kaniki, nagawanya tu. Hesabu hizi ndizo tunazosoma wiki hii.”

Tukamtazama wote wawili.

“Sawa,” nikasema. “Mayai yakipita kwenye kaniki yangu, mchukue mtoto, na begi nitalibeba mimi mwenyewe mpaka stendi. Yasipopita, Hafsa anabaki hapa na wewe unakunywa chai yangu.”

Maryamu alifikiri. “Rukaya ahesabu,” akasema. “Ila asimpendelee bibi yake.”

“Wala mama yangu,” Rukaya akajibu.

Alitandika kile kitambaa mezani penye jua, akaweka rula juu yake, akakipiga picha kwa simu ya mama yake, akaikuza mpaka nyuzi zikaonekana nene kama kamba za kitanda. Tukahesabu pamoja kwa ncha ya sindano. Katika sentimita moja kulikuwa na nyuzi ishirini na tano. Kwa hiyo milimita kumi gawanya kwa ishirini na tano, kila uzi pamoja na tundu lake unapata sifuri nukta nne ya milimita. Kwenye picha uzi na tundu vilikuwa sawasawa, nusu kwa nusu. Tundu likawa sifuri nukta mbili.

“Sasa naandika kisayansi,” Rukaya akasema. “Vitu vidogo hatuviandiki na sifuri nyingi, mtu anapotea. Sifuri nukta mbili naandika mbili mara kumi kipeo cha hasi moja.” Juu ya ile kumi akaweka kanamba kadogo kamepanda kama kuku juu ya paa. “Na hamsini ni tano mara kumi kipeo cha moja. Nagawanya mbili kwa tano, napata sifuri nukta nne. Vipeo natoa: hasi moja toa moja, hasi mbili. Nikiiweka vizuri inakuwa nne mara kumi kipeo cha hasi tatu.”

“Kwa Kiswahili,” Maryamu akasema.

“Tundu ni sehemu nne tu katika elfu za upana wa yai. Yaani yai ni kubwa kuliko tundu mara mia mbili na hamsini.” Akamtazama mama yake kwa huruma kidogo. “Halipiti, mama. Haliwezi hata kuanza kupita.”

Nilikisogeza kile kikombe, ambacho sasa kilikuwa kimepoa na utando umejikunja juu. Maryamu alikinywa chote amefumba macho, kama mtoto anayenyweshwa mwarobaini. Akakiweka chini.

“Hesabu imesema,” akasema. “Anabaki.”

Nilikwenda jikoni nikiwa mwepesi kama msichana. Mkwe ameshakula maneno yake, sasa ale na chakula. Nikatoa mayai matatu kwenye kapu nimkaangie. Nje nilimsikia Hafsa anacheka, mama yake anamchezea kidole. Nilishika yai la kwanza nikataka kulivunja kwenye ukingo wa kikaango, na hapo ile mia mbili na hamsini ikanirudia.

Nimesoma mpaka darasa la nne. Vipeo havikufika kijijini kwetu. Lakini kugawa najua, na rula naijua. Tundu moja ni sifuri nukta mbili. Kwa hiyo matundu matano yakipangwa yanatimiza milimita moja. Na matundu mia mbili na hamsini, nikigawa kwa tano, yanatimiza milimita hamsini. Milimita hamsini ni sentimita tano.

Nilifuta mikono, nikaenda mezani nikachukua rula, nikarudi nayo jikoni. Nikalilaza yai la kuku wangu juu yake. Lilikuwa sentimita tano na kidogo.

Nikakaa kwenye kigoda nikiwa nimelishika. Kwa hesabu ya Rukaya, yai la mnyoo lilikuwa sawa na hili. Yai ambalo nililiona kwa hadubini, ambalo kwa macho yangu sikuliona hata kidoa chake pale kwenye kioo. Kama lingekuwa hivi, ningelikuta poti limejaa kama kiota. Ningeliokota. Lile wazo la kuliokota, na ganda lake la vinundu, likanifanya niliweke la kuku chini upesi kana kwamba lina joto.

Hesabu ilikuwa na kosa. Sikujua liko wapi, ila nilijua lipo, na nilijua upande linakoelekea.

Chumbani Maryamu alikuwa amelitia begi lake lile tupu chini ya kitanda. Nilimsikia akilisukuma kwa mguu. Hakuna mwingine ambaye angekuja kupanga matundu kwa rula. Rukaya alikuwa ameshafunga daftari. Ningekaanga mayai, tungekula, Maryamu angepanda gari la jioni, na Hafsa angelala ameshika sikio langu. Nilikaa nikilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Mafuta yalianza kutoa moshi, nikakiondoa kikaango.

Kiu ikanishika. Nikachota kata moja mtungini. Maji yalikuwa meupe, nikaona mpaka chini ya kata. Nikatia mdomoni, na koo likakataa. Nilijaribu kumeza, likakataa tena, nikabaki nimeyashika mashavuni na ulimi wangu ukiyatafuta yale mastafeli. Nikatoka nyuma ya jiko nikayatema mahali palepale Hafsa alipoweka poti lake. Nikatema mpaka mate yakaisha.

Nikamwita Rukaya aje na daftari.

“Tundu ulilipima kwa nini?”

“Kwa milimita, bibi.”

“Na yai?”

“Mikromita.”

“Ni kitu kimoja?”

Akaangalia karatasi.

“Nikikutuma uniambie debe moja la mahindi lina kibaba kimoja mara ngapi,” nikasema, “ukaniandikia moja gawanya kwa moja ni moja, nitakupa chakula cha jioni?”

“Hutanipa.” Alikuwa ameanza kuuma kalamu. “Lazima debe nilibadilishe liwe vibaba kwanza.”

“Basi badilisha.”

Alikaa chini kwenye sakafu ya jiko, akaandika upya. Safari hii alikwenda polepole na aliniambia kila hatua, kwa sauti ndogo. Kila kitu akakigeuza mita. Milimita moja ni mita kumi kipeo cha hasi tatu, kwa hiyo tundu ni mbili mara kumi kipeo cha hasi nne. Mikromita moja ni mita kumi kipeo cha hasi sita, kwa hiyo yai ni tano mara kumi kipeo cha hasi tano. Mbili gawanya kwa tano, sifuri nukta nne, kama mwanzo. Vipeo: hasi nne toa hasi tano.

“Hasi nne toa hasi tano ni moja,” akasema. “Sifuri nukta nne mara kumi. Nne.”

“Nne nini?”

“Tundu linaingiza mayai manne, bibi. Yanapita yakiwa yamepanga mstari, yameshikana mikono.”

Nimesuka mikeka maisha yangu yote. Tundu la nguo si mstari, lina marefu na mapana kama jicho la mkeka.

“Manne huku,” nikasema, nikimwonyesha kwa kidole. “Na huku?”

Rukaya akafunga macho. “Manne.”

“Basi ni kumi na sita. Kumi na sita kwa mkupuo mmoja, katika kila tundu, katika kitambaa kizima.”

Rukaya alikuwa anaitazama karatasi yake. Mimi nilikuwa naona miaka arobaini na minane.

“Bibi,” Rukaya akasema, “mama hajajua. Nisimwambie?”

“Nitamwambia mimi. Wewe ulikosea kugeuza. Mimi sikukosea, niliona kosa nikakaa nalo.”

Maryamu alikuwa amempakata Hafsa kwenye jamvi. Nikasimama mbele yake nikamwambia yote, kuanzia yai la kuku mpaka kumi na sita. Alisikiliza akiwa amekodoa macho. Nilipomaliza alimweka mtoto chini, akainuka, akaenda mbio nyuma ya jiko, na sote tukamsikia.

“Mama,” Rukaya akaita, “chai ilichemka.”

Kule nyuma kutapika kukakoma.

“Chai ilichemka,” akarudia. “Mayai yanakufa yakichemka. Bwana wa maabara alisema.”

Maryamu akarudi akijifuta mdomo kwa ncha ya mtandio. Alinitazama, nikamtazama. Maji pekee yaliyokuwa salama katika nyumba yangu yalikuwa yale aliyoyakataa alipofika. Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni yeye, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya, cha mtu aliyetoka kutapika.

Hapo ndipo Mzee Semboja alipoingia na baiskeli yake na madumu mawili. Ni jirani yetu, mtu wa maneno. “Mama Mustafa, leo yametulia kabisa, utafikiri ya chupa,” akasema. Akaona nyuso zetu. “Kuna msiba?”

Rukaya akamweleza. Mzee Semboja alisikiliza hesabu yote akiwa ameegemea usukani.

“Kumi na sita,” akasema. “Kwa tundu moja.”

“Ndiyo, babu.”

Alitazama dumu lake, akatazama kitambaa changu mezani, akatazama tena dumu.

“Mimi hata sichuji,” akasema. Akageuza baiskeli akaondoka na madumu yake yote mawili. Nilimwona mbele akisimama, akifikiri, na kuyamwagia michongoma ya watu.

Nguo za Hafsa nilizifunga mwenyewe. Gauni nne, kanzu ya Idi iliyokwisha kuwa fupi, na kile kikombe chake cha plastiki, ambacho nilikichemsha kwanza. Begi nililibeba mpaka stendi kama nilivyosema. Maryamu alitaka kunipokea mara mbili, nikakataa.

“Mama,” akasema tulipokuwa tunasubiri gari la Korogwe lijae, “nilikuwa nimeshalitia begi chini ya kitanda. Ungenyamaza nisingejua.”

“Nililipima yai la kuku, mwanangu. Ningelala nalo vipi?”

Alichezea zipu ya begi. “Yule binti wa simu sitampa. Nitaomba zamu ya mchana, niwe naye asubuhi. Mchana atakaa na mama mwenye nyumba, ana wajukuu.” Kisha akasema, bila kunitazama, “Na ukichemsha, utachemsha yote? Hata ya kusukutulia?”

“Hata ya kusukutulia.”

“Atapimwa tena baada ya miezi mitatu. Tutaona.”

Sikumwomba aseme zaidi. Hafsa alikuwa ameshalala begani kwake, mkono wake unatafuta kitu hewani, na mama yake hakujua ni nini. Nikauchukua nikauweka kwenye sikio la Maryamu. Alishtuka, halafu akaelewa, akauacha.

Nyumbani mimi na Rukaya tulifungua kabati tukameza dawa zetu. Rukaya hakutoa kitu. Mimi Jumatatu nilikwenda chooni, na nilichokiona sitakiandika. Nitasema tu kwamba nilikaa uani mpaka adhuhuri sitaki kuguswa hata na nguo yangu mwenyewe. Kumbe minyoo hiyo ilikuwa ikila pamoja nami, kwenye sahani yangu, miaka sijui mingapi, na mimi nikimhurumia mtoto.

Kaniki sikuitupa. Bado naifunga mdomoni mwa mtungi, maana viluwiluwi bado ni viluwiluwi, na sitaki kuvichemsha. Asubuhi naifungua, naona matope na nyasi na miguu ya wadudu, nakung’uta. Hayo hayanitishi. Ninachoshindwa kukitazama ni yale maji ya chini yake, meupe, yaliyotulia, yasiyo na kitu. Nayamimina kwenye sufuria kubwa huku nimegeuza uso. Nasimama hapo mpaka yachemke sana, na baada ya hapo nayaacha yaendelee kuchemka. Rukaya ananiambia yanatosha. Namwambia ahesabu tena. Yakipoa yana ladha ya moshi na ya bati, ladha mbaya kabisa, nami nayanywa.

Ijumaa Maryamu alipiga simu akampa Hafsa aongee.

“Bibi, kamba zimeisha.”

“Alhamdulillahi, mwanangu.”

“Na zako?”

Rukaya alikuwa karibu, akaziba mdomo asicheke. Nilitazama sufuria, mapovu ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kupanda.

“Bado natazama,” nikamwambia.